Sauti Iliyonyolewa

Walikuwa wamemfunika Anton Hruska kwa kitambaa cha piano, kisha wakarudi kuipiga piano yenyewe.

Inspekta Cornelius Dolan hakuamini alipoambiwa mara ya kwanza. Alimtaka meneja wa kampuni ya santuri arudie, polepole, na meneja akarudia bila haya. Aliitwa Whitcomb Sayre, bwana mwenye ua jeupe kwenye kola ya koti na kucha safi kama za bibi harusi. Alieleza kwamba fundi wa kurekodi ndiye aliyemkuta mzee sakafuni katika chumba cha nta, pale zinaponyolewa sahani za kurekodia, saa saba na dakika tano mchana. Okestra ya Hobart Quill ilikuwa imekodiwa mpaka saa tisa. Zilibaki nyimbo mbili za kupigwa bila kuimbwa. Kwa hiyo waliufunga mlango wa chumba cha nta, wakarekodi nyimbo zao mbili, wakafungasha matarumbeta, ndipo saa tisa na dakika kumi mtu akakumbuka kwamba Newark ina polisi.

"Alikuwa amekwisha kufa," Sayre alisema. "Tungemsaidia nini?"

"Daktari ndiye anayesema mtu amekufa. Wewe ni daktari?"

"Mimi ni meneja."

"Basi kaa kimya mpaka nikuulize."

Dolan alikuwa na miaka ishirini na mitatu kazini. Alishaona maiti zilizotupwa mtoni na maiti zilizofukiwa kwenye mapipa ya makaa ya mawe. Hakuwahi kuona maiti iliyosubirishwa wimbo uishe. Damu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto, na ule mwezi wa Juni wa mwaka 1929 ulikuwa na joto la kutosha bila hasira yake, hasa katika jengo lile ambalo madirisha yote yalizibwa kwa mablanketi ili kelele za barabarani zisiingie kwenye santuri.

Aliinua kitambaa. Marehemu alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye aproni ya ngozi. Nyuzi za nta, nyembamba kama nywele, zilikuwa zimemtapakaa mabegani na kichwani, na nyingine zimegandamana na damu kisogoni. Kando yake ilisimama mashine ya kunyolea: sinia la chuma linalozunguka, na juu yake kisu cha kito kinachoshushwa kwa skrubu. Kwenye sinia kulikuwa na sahani moja ya nta, nene kama tofali, imenyolewa mpaka inang'aa. Nyingine kama hiyo, nayo imenyolewa, ilikuwa kwenye rafu.

Sayre alishindwa kukaa kimya. Alisema mzee huyo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa chupa, kama hao watu wa kwao walivyo. Aliteleza akajigonga kwenye mashine. Kampuni ilikwisha kuandaa taarifa, inasubiri sahihi tu.

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti. Hakuinua kichwa.

"Mapigo mawili," alisema. "La kwanza lilimwangusha. La pili alipigwa akiwa chini. Labda aliinuka akajigonga tena, ili kuifurahisha kampuni."

Sajini Pasquale Ferrante alikipata kilichotumika baada ya dakika tano tu: chuma cha kusawazishia mashine, kizito kama pasi ya makaa. Kilikuwa kimefutwa na kurudishwa mahali pake, lakini damu imebaki kwenye ufa wa mshikio. Dolan alimtazama Sayre mpaka yule bwana akaanza kulichezea ua lake.

"Mlevi huyu alijiua mara mbili, halafu akaosha vyombo," Dolan alisema. "Nipe majina ya wote waliokuwa humu ndani saa sita mpaka saa saba."

Hawakuwa wengi. Wapiga ala kumi na wawili na kiongozi wao Quill walikuwa katika mkahawa wa ng'ambo ya barabara, wanakula nyama ya kopo na kabichi, na mwenye mkahawa alithibitisha kila kichwa. Sayre na fundi walikula ofisini pamoja. Fundi alimwona mzee mara ya mwisho saa sita na dakika ishirini, mzima, akinyoa. Walibaki watu wawili: binti wa mapokezi, na mwimbaji.

Ferrante alirudi kutoka chumba cha wageni macho yamemtoka.

"Afande, unajua ni nani huyo? Ni Desmond Farrar."

"Simjui."

"Unamjua, ila hujui kwamba unamjua. Mke wangu ana santuri zake arobaini. Zile za zamani zote, kila bendi ya dansi ya mji huu. Kwenye lebo wanaandika jina la bendi, halafu kwa herufi ndogo kama za dawa, 'pamoja na kiitikio cha sauti'. Hiyo sauti ndiyo yeye. Miaka mitano anaimba bila jina. Sasa redio imemtangaza, na jioni hii anapanda treni kwenda California kuigiza filamu."

"Treni ya saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Simu ililia kabla Dolan hajajibu. Alikuwa Kapteni. Sayre alikuwa na marafiki manispaa, na marafiki hao walikwisha kupiga simu. Kapteni alisema kwa upole, na upole wa Kapteni ulikuwa mbaya kuliko ukali wake, kwamba ajali kazini ni jambo la kusikitisha, na kwamba kijana anayengojewa na watu wa filamu hazuiliwi mjini kwa ajili ya mnyoa nta. Kama Dolan hana kitu cha kushika mkononi ifikapo saa kumi na moja na nusu, amwache aende zake. Baada ya hapo atakuwa upande wa pili wa Amerika, na mawakili wa studio watamzunguka kama ukuta.

Dolan aliweka simu chini taratibu. Alitamani kuivunja.

Binti wa marehemu Hruska aliwasili wakati huohuo kwa tramu. Aliitwa Milka, miaka thelathini hivi, mabega mapana, mikono imebadilika rangi kwa dawa za shaba. Alifanya kazi katika kiwanda cha kampuni hiyohiyo ng'ambo ya mto, kule ambako sahani za nta hupakwa unga mweusi na kuchovywa shaba ili zitoe muhuri wa kukandamizia santuri. Hakuna mtu wa kampuni aliyempigia simu. Alisikia kutoka kwa dereva wa gari la nta, ambaye naye aliokota maneno mlangoni aliporudi kuchukua mzigo wa pili.

Alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Hakulia. Kisha aligeuka akauliza ni nani aliyesema kwamba baba yake alikuwa amelewa.

Sayre alianza kutoa pole za kampuni.

"Nimeuliza nani."

"Ni dhana tu, binti."

"Mlevi hanyoi nta," Milka alisema. "Mkono ukitetemeka kidogo tu, sahani imekwenda. Miaka kumi na tisa amenyoa humu, na kila mnachouza kimepita chini ya kisu chake. Mmempigia muziki akiwa amelala hapa. Ondoka mbele yangu kabla sijakufanyia jambo."

Sayre aliondoka. Dolan angependa kulishuhudia hilo jambo, lakini alikuwa na saa mbili tu. Alimkalisha Milka kwenye kiti cha baba yake na kumwomba amfundishe kazi ya nta kama anavyomfundisha mtu asiyejua lolote.

Alifundishwa. Kila wimbo hurekodiwa mara mbili au tatu, kila mara kwenye sahani yake ya nta yenye joto, na namba yake imekwaruzwa katikati. Kiongozi wa bendi huchagua mbili za kwenda kiwandani, moja ya kutumika na moja ya akiba. Iliyobaki hunyolewa papo hapo ili nta itumike tena. Na hakuna anayeruhusiwa kuisikiliza sahani iliyochaguliwa.

"Kwa nini?"

"Nta ni laini. Sindano ikipita mara moja, imeilima. Inasikika vizuri mara hiyo moja, halafu basi, imekufa. Ukiichovya shaba inatoka mikwaruzo mitupu. Kwa macho yako unaiona: mahali palipong'aa panakuwa kijivu. Mwimbaji anaimba leo, anajisikia baada ya wiki."

Dolan alimwonyesha sahani iliyokuwa kwenye mashine. Uso wake ulikuwa laini kama kioo, lakini pembeni, kwenye ukingo, kulikuwa na alama za vidole, vinne upande huu na vinne upande ule, vimezama.

Milka aliinama. Uso wake ulibadilika.

"Hizi si za baba. Sisi hatushiki ukingo. Tunabeba kwa chini, kwa kitambaa. Huyu aliishika ikiwa inazunguka, kama mtu anayetaka kuing'oa."

Wataalamu wa alama za vidole waliitwa. Dolan akaenda kumwona mwimbaji.

Desmond Farrar alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, nywele zimelazwa kwa mafuta, na skafu ya hariri shingoni siku ambayo hata mbwa walitafuta kivuli. Masanduku mawili yalikuwa miguuni pake. Alizungumza kwa mnong'ono, kama mtu anayeiweka akiba sauti yake.

"Saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Chumba cha kusikilizia. Hapo nyuma."

"Na nani?"

"Peke yangu. Wengine walikwenda kula. Mimi sili siku ya kuimba."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najisikiliza, Inspekta. Tulirekodi wimbo mara tatu. Mara ya tatu nilivurunda, sauti ilipasuka, nikatoka kwa hasira. Nilitaka kujua nilikosea wapi. Nilichukua ile namba tatu."

"Si imekatazwa?"

"Imekatazwa kwa sahani nzuri. Namba tatu ilikuwa takataka, ya kunyolewa tu. Niliicheza mara nne mfululizo. Saa saba kasoro dakika tano hivi nikairudisha kwenye rafu ya kule kwa mzee, nikaja kukaa hapa."

"Ulimwona mzee?"

"Alikuwa amenipa mgongo. Sikumsumbua."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Na mzee Anton? Mwulize yeyote. Nilimpenda yule mzee."

Alisema hivyo macho yakiwa makavu na kidole kikitekenya skafu. Dolan alishawahi kudanganywa na watu wenye ufundi zaidi. Lakini uongo wa mtu hautiwi pingu mpaka uonekane.

Binti wa mapokezi aliunga mkono habari hiyo, na hiyo ndiyo ilimkera Dolan zaidi. Ndiyo, alisikia sauti ya Bwana Farrar ikitoka chumba cha kusikilizia, kupitia ukutani. Hakuhesabu mara ngapi, maana simu zilikuwa zinalia. Mara moja aliisikia vizuri sana.

"Ilikuwaje?" Dolan aliuliza.

Binti yule aliona haya kidogo.

"Ilikuwa nzuri mpaka nikaacha kuchapa. Sijawahi kumsikia hivyo. Nilitamani isiishe."

Dolan alisimama pale na kofia mkononi. Sahani mbovu, sauti imepasuka, na msichana anaacha kazi yake kuisikiliza. Alirudi kwa Milka na kumweleza maneno ya Farrar neno kwa neno: namba tatu, mara nne, akairudisha kwa mzee inyolewe.

Milka alikuwa akifuta mikono yake kwenye sketi ingawa haikuwa na kitu.

"Namba tatu haikunyolewa," alisema. "Ninayo mimi."

"Unayo wapi?"

"Kiwandani, mezani kwangu. Dereva aliikuta saa saba kwenye rafu ya nje ya mlango huu, imefungwa kwenye sanduku lake. Aligonga aulize ya pili, kimya, akaondoka na hiyo moja. Kikaratasi kina mwandiko wa baba: 'Namba tatu, chaguo la Quill, namba mbili inafuata.' Niliifungua nikaiweka chini ya taa, ndiyo desturi, kabla ya kuipaka unga."

"Ikoje?"

"Inang'aa kama jicho la samaki mbichi. Sindano haijawahi kuigusa."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Dolan alimpa gari la polisi na dereva asiyeogopa taa nyekundu, akamwambia aende akailete. Milka alisema ataipakata njia nzima, na dereva aendeshe kama amebeba mtoto mchanga. Dolan alimwambia dereva aendeshe kama amebeba mtoto mchanga anayewahi hospitali.

Akamwita Hobart Quill, kiongozi wa okestra, mtu mnene mwenye sigara nene na sauti ya kuamuru. Quill alithibitisha bila kujua anathibitisha nini. Baada ya mara ya tatu Farrar alipiga teke stendi ya nota akatoka. Wao wakabaki kuchagua, kama kawaida. Namba moja ilikuwa na kosa la tarumbeta, ikanyolewe. Namba mbili na namba tatu ziende.

"Namba tatu si mwimbaji alivurunda?" Dolan aliuliza.

"Kidogo, kwenye kiitikio. Lakini tromboni zilikuwa sawasawa."

"Farrar alijua kwamba umeichagua?"

"Kwa nini ajue? Hachagui yeye."

Dolan alipanga mambo kichwani. Sahani mbili zilizonyolewa: namba moja kwenye rafu, kwa hiyo ile ya kwenye mashine, yenye alama za vidole, ilikuwa namba mbili. Sahani iliyochaguliwa, sahani nzuri kuliko zote, na mzee ambaye hajakosea kwa miaka kumi na tisa akainyoa. Angeinyoa kwa sababu moja tu: aliikuta imekufa.

Saa kumi na moja na dakika kumi Milka alirudi, sanduku kifuani. Kapteni alikuwa amekwisha kupiga simu tena. Gari la kumpeleka Farrar stesheni lilikuwa linanguruma mlangoni. Dolan aliwaingiza wote chumba cha kusikilizia: Farrar, Quill, Sayre. Ferrante akasimama mlangoni na daftari mkononi, mke wake na santuri zake arobaini wakiwa wamemtoka akilini.

"Rudia," Dolan alimwambia Farrar. "Ulicheza sahani gani?"

"Nimekwisha kusema. Namba tatu."

"Mara ngapi?"

"Nne. Inspekta, treni yangu..."

"Milka."

Milka alifungua sanduku. Aliitoa nta kwa kitambaa, kwa chini, akaiweka mezani na kuivuta taa mpaka karibu. Mifereji yote iliwaka. Katikati ilikwaruzwa namba tatu.

Farrar aliitazama kama mtu aliyekutana na marehemu barabarani.

"Hiyo ilinyolewa," alisema. Hakunong'ona safari hii. "Niliiona. Ilikuwa kwenye rafu, imenyolewa."

"Ulimwona mzee akiinyoa?"

"Ile mbaya hunyolewa. Siku zote."

"Uliyoiona kwenye rafu ni namba moja. Hii ilichaguliwa."

"Nani aichague? Sauti yangu ilipasuka humo."

"Nilichagua mimi," Quill alisema, akikung'uta jivu. "Tromboni zilikuwa safi."

"Sauti yangu ilipasuka!"

"Uliimba mistari minane, kijana. Bendi ilipiga dakika tatu."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Desmond Farrar. Alimrukia Quill, na Ferrante akamdaka hewani kwa mkono mmoja. Alitukana kwa sauti iliyokwaruza na kukatikakatika, sauti mbovu ambayo hakuna redio ingeipokea, na kila mtu mle chumbani aliielewa. Alisema miaka mitano amesimama mbele ya mabendi yao kama mapambo, anaimba mistari yake minane anarudi kuketi, jina lao kubwa, lake hakuna, watu wananunua santuri kwa ajili yake na wanamshukuru Quill. Na sasa wangemtangaza dunia nzima akiwa amepasuka sauti kwa sababu ya tromboni.

Dolan alimwacha amwage yote. Kisha akauliza kwa utulivu.

"Ni namba mbili uliyoicheza, sivyo?"

Farrar aliketi.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Sauti yake ilikuwa inakwenda tangu majira ya baridi, alisema. Daktari wa New York alikuta vinundu kooni. Akipasuliwa huenda asiimbe tena, asipopasuliwa haimbi tena kwa hakika. Watu wa filamu hawakujua. Walitaka santuri moja mpya kabla ya kutia sahihi, waisikie, basi. Asubuhi ile alipoimba mara ya pili sauti ilirudi yote, kama zamani. Aliihisi. Lakini amehisi hivyo mara nyingi, na baadaye akasikia mlio wa bata. Alishindwa kusubiri wiki. Mzee alipokuwa akinyoa namba moja, aliingia akaichukua namba mbili kwenye rafu.

"Niliicheza mara moja. Mara moja tu. Ilikuwa ndiyo yenyewe." Alifunika uso. "Nilijua naiua. Nilijua, na sikuinua sindano."

"Ukampelekea mzee."

"Nilimwomba aipeleke hivyohivyo. Aliiweka chini ya taa akaona. Alisema itatoka mikwaruzo, akaipandisha kwenye mashine. Nikamwambia subiri. Tusikilizane. Pengine kuna namna. Hakugeuka hata. Nilimwambia mara tatu, nne, nikamlilia, naye ananipa mgongo kama mimi ni mbwa, anashusha kisu. Niliishika kwa mikono, nikashindwa. Ilikuwa inatoka nyuzi nyuzi. Kile chuma kilikuwa hapo."

"Na pigo la pili?"

Farrar alijibu bila kuinua macho.

"Mashine ilikuwa bado inanyoa."

Kalamu ya Ferrante ilisimama. Sayre aliuliza kwa sauti ndogo kama namba tatu inaweza kurudishwa kiwandani leo, maana jina la Farrar kesho litakuwa kwenye kila gazeti. Dolan alimshika kwenye kola, juu ya ua, akamsindikiza nje na kufunga mlango. Aliporudi alikuta Milka amesogeza kiti, ameketi uso kwa uso na aliyemuua baba yake.

"Kabla hajakupa mgongo," Milka alisema, "alikwambia nini?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

Farrar alitikisa kichwa, kisha maneno yakamtoka. "Alisema, 'Usilie, mwanangu. Nta ipo. Nenda kaimbe tena, nitakupashia nyingine.' Alikuwa akiniita hivyo tangu mwanzo, tangu naimbia kwenye honi ya bati, kabla ya maikrofoni, na yeye ananiwekea kisanduku nipate kimo. Alinipenda. Aliniletea asali ya kulainisha koo. Alipenda sauti yangu. Ndiyo maana sikuelewa. Mtu aliyependa sauti yangu, nasimama nyuma yake namwomba, na asinisikie?"

"Hakukusikia," Milka alisema.

"Alinipuuza."

"Baba alikuwa kiziwi. Miaka mitatu sasa, masikio yote mawili. Alisoma midomo. Tulilificha mimi na yeye, maana kampuni ya muziki ingemweka kiziwi kwa kazi gani? Hakuwahi kusikia hata wimbo wako mmoja wa maikrofoni. Asali aliyokuwa akikuletea ilitoka nyumbani kwetu, na alikuletea kwa sababu alikupenda wewe, si sauti. Ungemzunguka ukamtazama usoni, angesimamisha mashine."

Farrar aliendelea kumtazama. Nje, dereva wa gari la stesheni alipiga honi mara mbili, kisha akanyamaza.

Milka alisimama akageukia Dolan.

"Liandike hilo la ukiziwi, Inspekta," alisema. "Liandike lote. Hawawezi tena kumfukuza kazi."

Dolan alichukua daftari mkononi mwa Ferrante, akaandika mwenyewe.